Mtaji Usiokwisha: Mashine Mbele ya Bao la Unguja

Alasiri barazani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, zamu moja ya bao huweza kuanza na kete moja tu ikaisha imepindua ubao mzima. Mchezaji hutia kete shimoni, hula kete za shimo linalolikabili, kisha huzisambaza moja moja kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono hausimami. Kama kuna cha kula upande wa pili, hula tena. Kama hakuna, huchota zilizomo na kuendelea. Zamu hukoma pale kete ya mwisho inapolala katika shimo tupu.

Tatizo ni kwamba kuna wakati hailali. Ipo mipangilio ya kete ambayo mkono ukishaanza kusambaza, kanuni zenyewe haziupi mahali pa kusimama. Mwaka 2006 watafiti Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na Alexander de Voogt walichapisha makala juu ya zamu za namna hiyo, mitaji isiyokwisha, katika jarida la ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta.

Mtu aliyekaa barazani atachoka, au wenzake watamsimamisha. Programu ya kompyuta iliyoandikwa kufuata kanuni neno kwa neno haina wa kuisimamisha. Itazunguka mpaka umeme ukatike.

Hapo ndipo bao la Unguja linapokutana na swali lililowasumbua waandishi wa programu za michezo kwa zaidi ya nusu karne: mashine hufanya nini inapoingia katika vita virefu, ambavyo mwisho wake uko mbali kuliko inavyoweza kuona? Swali hilo limechimbwa zaidi katika Go, mchezo wa kale wa China unaopendwa pia Japani na Korea. Ila bao nalo lina jibu lake, na jibu hilo halifanani na la Go.

Kete 64, mashimo 32

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na mapigano yote hutokea kati ya safu za mbele. Kete ni 64, kwa desturi mbegu za mkomwe, za mviringo na ngumu, zinazoteleza vizuri mkononi.

Mchezo huanza ubao ukiwa karibu mtupu. Kila mmoja huweka kete sita katika nyumba, shimo maalumu la safu yake ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kubaki na 22 mkononi. Awamu ya kwanza ni ya namu: kila zamu mchezaji hutia kete moja. Kwa kuwa kila mmoja ana 22, awamu hiyo haizidi zamu 44. Kete za mkononi zikiisha huja awamu ya mtaji, ambapo mchezaji huchota kutoka mashimo yake mwenyewe. Anayemaliziwa kete zote za safu ya mbele, au asiyekuwa na shimo la kucheza, ameshindwa.

Kanuni hizi husimulika kwa dakika chache. Kinachochukua miaka ni yale yaliyofichwa ndani yake: lini kulala nyumbani, yaani kukomesha zamu hapo, na lini kusafiri, yaani kuzichota kete zake na kuendelea, kichwa kipi cha kuanzia, na namna ya kutakasa, yaani kucheza bila kula pasipo na cha kula. Bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, huwapa watoto mkono wa kusambaza. Bao lenyewe huja baadaye.

De Voogt, Mholanzi aliyewafuata mafundi wa bao Zanzibar, alitoa tasnifu yake juu yao Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Alichokichunguza ni kile ambacho kila mtazamaji wa barazani hukiona na kukichukulia kuwa cha kawaida: fundi hutazama ubao, hagusi kete hata moja, na tayari anajua zamu yake itaishia shimo gani na kila shimo litabaki na ngapi. Hesabu hiyo hufanywa kichwani, kete zikiwa zinabadilika katika kila mzunguko, na bado haijaingia hesabu ya jibu la mpinzani.

Kete hazitoki ubaoni

Idadi ya mipangilio inayowezekana ya bao imekadiriwa kuwa takriban 1 ikifuatiwa na sufuri 25. Ni namba kubwa, lakini ukubwa peke yake hausemi mengi. Go, kwenye ubao wake wenye makutano 361, ina mipangilio halali inayofikia 2 ikifuatiwa na sufuri 170. Kwa hesabu hiyo bao ni dogo mno. Hata hivyo kuna jambo moja linaloliweka bao mahali pagumu kwa mashine.

Awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye safu mbili za mashimo sita na kete 48, ni ndugu wa bao. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam waliumaliza: kompyuta zenye vichakato 144 zilipitia mipangilio yote 889,063,398,406 kwa muda wa saa 51, na kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Njia waliyotumia ilikuwa ya kurudi nyuma. Katika awari kete zikishaliwa hutoka mchezoni. Basi mashine huanza na ubao wenye kete moja, ikajua jibu lake. Ikaenda wa kete mbili, kisha tatu, kila hatua ikijengwa juu ya iliyotangulia, mpaka ikafika 48. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitumia hila ya jamii hiyo hiyo kuumaliza mchezo wa drafti mwaka 2007, wakianza na ncha za mchezo zenye kete kumi au pungufu na kuziunganisha na mwanzo.

> Katika bao kinacholiwa hakifi. Hubadilisha upande na kuendelea kupigana.

Bao haliingiliki kwa mlango huo. Kete inayoliwa haitoki ubaoni. Huhamia safu za mlaji na kuanza kumtumikia. Kuanzia kete za mkononi zinapoisha hadi mwisho, ubaoni kuna kete 64, hazipungui wala haziongezeki. Hakuna ubao mdogo wa kuanzia, hakuna ngazi ya chini ya kujengea ya juu. Mchezo wa bao hauelekei kwenye wepesi kadiri unavyosonga, na mchezaji aliyebakiwa na kete nane anaweza kwa mtaji mmoja kurudisha thelathini.

Hilo ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya bao kama "aina ya mankala" huliruka. Ni kosa kuliweka bao kapu moja na awari na kudhani kwamba kilichoumaliza mchezo mmoja kitaumaliza na mwingine.

Njia ndefu isiyo na njia panda

Kwa macho ya mgeni, urefu wa zamu ndio ugumu wa bao. Kwa mashine, urefu huo ndio sehemu nyepesi. Mchezaji akishachagua shimo na upande, karibu kila kinachofuata kimekwishaamuliwa na kanuni. Kete ya mwisho ikila katikati ya safu, upande wa kusambaza haubadiliki. Ikila kwenye kimbi, yaani mashimo mawili ya kila mwisho wa safu ya mbele, huanzia kichwa cha karibu. Panapobaki uamuzi ni mwanzoni na pale kete ya mwisho inapofika nyumbani katika awamu ya namu, ambapo mwenye nyumba huchagua kulala au kusafiri.

Kwa hiyo zamu inayomchukua fundi pumzi kadhaa kuihesabu kichwani, kompyuta huitembea kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, haikosei hata kete moja. Njia ndefu isiyo na njia panda haiitishi mashine.

Hata mtaji usiokwisha una dawa. Mipangilio ya ubao ni mingi lakini ina kikomo. Zamu ikiendelea bila kukoma, lazima siku moja ubao ule ule utokee tena, mkono ukiwa shimo lile lile na ukielekea upande ule ule. Hapo mashine ina hakika kwamba imo katika mzunguko, maana kanuni zile zile zikianzia hali ile ile zitatoa matokeo yale yale. Inaweza kutunza kumbukumbu ya hali ilizopitia, au kuendesha nakala mbili za zamu, moja ikienda mara mbili ya kasi ya nyingine, na kungoja zikutane. Wengi huchagua njia ya mkato: kuweka kikomo cha mizunguko, na zamu inayokipita huhesabiwa kuwa haikwishi.

Njia ya mkato ina bei yake. Zamu ndefu sana lakini yenye mwisho inaweza kukatwa kwa makosa, na mchezaji akanyimwa hatua iliyokuwa halali. Kwa mashindano ya mashine kwa mashine hilo huvumilika. Kwa ubao wa mafundi wawili wenye heshima zao, ni dhuluma.

Panapoibana

Ugumu wa kweli uko kati ya zamu na zamu. Katika awamu ya mtaji mchezaji ana mashimo 16 na pande mbili za kusambaza, yaani hatua zisizozidi 32. Kwa vile kula ni lazima panapolika, hatua halali mara nyingi huwa chache zaidi. Katika sataranji wastani hukadiriwa kuwa kama 35, katika Go kama 250. Mti wa hatua na majibu katika bao, basi, hauna matawi mengi.

Programu za michezo ya jadi hupanda mti huo kwa mbinu iitwayo alfa-beta: hupima kila hatua, kila jibu, kila jibu la jibu, na kuyatupa matawi ambayo tayari yanajulikana hayafai. Ikifika kina fulani husimama na kukadiria: nani anaongoza hapa? Deep Blue ya kampuni ya IBM, iliyomshinda Garry Kasparov mjini New York mwezi Mei 1997, ilipima mipangilio kama milioni 200 kwa sekunde kwa njia ya jamii hiyo.

Kila kitu hutegemea makadirio ya pale iliposimama. Waandishi wa sataranji waligundua mapema kwamba kusimama katikati ya mapigano ni hatari. Mashine huhesabu farasi iliyomla na kutoona kwamba hatua moja mbele malkia wake analiwa. Suluhisho lao lilikuwa kuiamuru iendelee mpaka ulaji uishe na ubao utulie.

Bao halitulii. Mpinzani aliyebaki na kete saba leo ana kumi na tano zamu ijayo na thelathini baada yake, na hakuna mahali pa kusema mapigano yamekwisha sasa tuhesabu. Ukihesabu kete tu, utadanganyika. Kete nyingi katika safu ya nyuma ni akiba salama lakini pengine haichezeki vizuri. Shimo lenye kete 16 au zaidi haliruhusiwi kuanzisha ulaji. Nyumba iliyojaa ni utajiri kwa mwenyewe na pia chambo kwa adui.

Donkers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walikabiliana na hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walitengeneza makadirio ya namna kadhaa. Moja lilihesabu kete. Jingine liliongeza thamani ya nyumba. Mengine hayakuandikwa na mtu: yalilelewa kwa kushindanishwa na kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, au kwa kuiacha mashine icheze na kusahihisha makadirio yake kwa kulinganisha ya jana na yaliyotokea leo. Tasnifu ya Donkers ya 2003 ililifanya bao kuwa uwanja wa swali zito: je, mashine inayomjua mpinzani wake, udhaifu wake na mazoea yake, itamshinda kwa urahisi zaidi kuliko inayomdhania kuwa mkamilifu?

Fundi yeyote wa Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, angelijibu swali hilo bila kusita, kwa maana barazani mtu huchezwa pamoja na kete zake.

Ngazi ya Go

Katika Go mambo yamegeuka. Kijiwe kikishawekwa hakisogei. Kundi la vijiwe huishi kwa nafasi tupu zinazolizunguka, ambazo wachezaji wa Mashariki ya Mbali huziita pumzi. Pumzi zikiisha kundi hutolewa ubaoni.

Pigano la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa Go huitwa ngazi. Kundi lenye pumzi moja hukimbia kwa kuongeza kijiwe, likapata pumzi mbili. Adui huziba moja. Hukimbia tena, huzibwa tena. Umbo hupanda kimshazari kama vidato mpaka ukingoni mwa ubao, ambako mkimbizi hufa na kila kilichofuatana naye. Lakini kama njiani kuna kijiwe kimoja cha upande wake, hata mbali kabisa, atakifikia, ataokoka, na aliyekuwa akimkimbiza ataachwa na matundu kila mahali.

Mtoto wa miaka minane hulitatua kwa kufuata mshazari kwa kidole. Mashine zilihangaika nalo kwa miongo. Ngazi inaweza kuwa na hatua zaidi ya hamsini, kila moja ikiwa na jibu moja tu la maana, na mti wa kawaida unaogawa muda wake kwa matawi 250 haufiki huko. Waandishi wa awali waliamua kuandika kijisehemu cha pekee ndani ya programu, kazi yake ni kusoma ngazi na mapigano ya karibu, kisha kutoa taarifa.

> Mashine inayowapita mabingwa wa dunia ilichelewa kujifunza kile anachojifunza mtoto siku ya kwanza.

AlphaGo ya kampuni ya DeepMind, London, iliyomshinda Lee Sedol kwa michezo 4 dhidi ya 1 mjini Seoul mwezi Machi 2016, bado ilipewa taarifa hiyo: miongoni mwa mambo yaliyoingizwa katika mtandao wake wa nyuroni ni iwapo hatua fulani huanzisha au huepuka ngazi. Mwaka uliofuata ikaja AlphaGo Zero, isiyopewa chochote ila kanuni. Ilicheza na nafsi yake michezo milioni 4.9 ndani ya siku tatu na kuishinda ndugu yake wa Seoul michezo 100 kwa 0. Waundaji wake wenyewe waliandika kwamba ngazi, somo la mwanzo kwa binadamu, mashine ililielewa kwa kuchelewa sana. Leela Zero, programu huria iliyofuata nyayo hizo, ilijulikana kwa kuanguka katika ngazi hata ilipokuwa na nguvu za kutisha kwingine. KataGo ya David Wu, iliyotoka 2019, ilirudi kwenye hekima ya zamani na kupewa msomaji wa ngazi.

Ulinganifu na bao unaonekana hapa. Ngazi ni njia ndefu isiyo na njia panda, sawa na zamu ya kusambaza. Tofauti ni kwamba katika bao kanuni zinaiambia mashine kuwa njia ni moja. Katika Go njia ni moja kwa sababu nyingine zote ni mbaya, na ubaya huo lazima ugunduliwe kwanza.

Mbio za pumzi

Kigumu zaidi ya ngazi ni makundi mawili yaliyozingirana, yasiyoweza kuishi yote. Linaloziba pumzi za mwenzake kwanza hubaki. Hesabu huweza kwenda kwa tofauti ya pumzi moja, na mpangilio wa kuziba una umuhimu: kosea hatua ya tatu, utakufa hatua ya ishirini.

Mwaka 2006 Mfaransa Rémi Coulom alileta mbinu ya Monte Carlo katika programu yake Crazy Stone. Badala ya kukadiria ubao, mashine hucheza michezo maelfu kwa kubahatisha hadi mwisho na kuhesabu nani ameshinda mara nyingi. Mbinu hiyo iliifikisha Go mbali kuliko kitu chochote kabla yake. Lakini mbio za pumzi ziliuonyesha udhaifu wake. Pale ambapo jibu sahihi ni moja tu kwa kila hatua, wabahatishaji wawili hukosea wote, na mbio ambazo upande mmoja umekwisha kuzishinda huonekana kama nusu kwa nusu. Shih-Chieh Huang na Martin Müller walipima udhaifu wa jamii hiyo, katika mapigano kadhaa ya wakati mmoja na katika makundi yanayobaki hai pamoja, kwa mipangilio waliyoitunga makusudi, na mwaka 2013 walionyesha programu nyingi zenye nguvu zikipotea ndani yake.

Mitandao ya nyuroni ilifunika shimo hilo kwa kuipa mashine jicho la kutambua maumbo. Kufunika na kuziba ni mambo mawili.

Mwaka 2022 kundi la watafiti, wakiwemo Tony Wang na Adam Gleave, lilifunza programu ndogo ambayo kazi yake haikuwa kucheza Go vizuri. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali KataGo inapopofuka. Iliishinda katika zaidi ya asilimia 97 ya michezo. Hila yenyewe ilikuwa kujenga kundi dogo, kuiachia mashine ilizingire kwa duara, kisha kulizingira duara lile polepole kutoka nje. Mashine haikuona hatari mpaka kundi lake zima lilipobakiwa na pumzi chache zisizotosha. Jicho lililozoea maumbo halikujua kuhesabu pumzi za umbo linalojirudia lenyewe.

Mapema 2023 Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa kutoka Marekani, aliisoma hila hiyo, akakaa mbele ya mashine bila msaada wa kompyuta wakati wa mchezo, na kushinda michezo 14 kati ya 15. Majaribio ya baadaye ya kuzifunza programu zijikinge yalizipunguzia udhaifu bila kuumaliza.

Kujifunza kwa nani?

Hapo ndipo pande mbili hugawanyika. Upande mmoja husema mashine iachwe peke yake, ipewe kanuni na muda, itafika. AlphaGo Zero ndiyo hoja yao. Kwa bao hoja hiyo ina mvuto wa pekee: kanuni zinaandikika, zamu huhesabika haraka, matawi ni machache. Kazi ya Maastricht ilifanywa kabla ya wimbi la mitandao ya nyuroni la 2016, kwa kompyuta ambazo simu nyingi za leo zinazishinda. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kudhani kwamba jaribio jipya halingefika mbali zaidi.

Upande wa pili hujibu kwa duara la 2022. Mashine iliyojifunza kwa nafsi yake hujua yale tu iliyojipelekea, na palipobaki giza hapajulikani mpaka adui apafikie. Mafundi wa bao wamekuwa wakipelekana gizani kwa vizazi. Kwenye michezo yao kuna mitego iliyotegwa kwa zamu kadhaa, nyumba zinazoachwa zinone makusudi, na kutakasa kunakoonekana ni woga kumbe ni kumwekea mwenzako shimo moja tu la kucheza. Programu inayopimwa dhidi ya nakala zake haitakutana na hayo.

Uzito uko upande wa pili, angalau kwa upimaji. Mashine ijifunze itakavyo. Lakini kusema imelimudu bao bila kuiweka mbele ya mafundi wa Unguja ni kusema neno ambalo ushahidi wa Go umekwisha kulitilia shaka.

Kanuni ipi iandikwe?

Kuna kikwazo kingine kisicho cha kompyuta. Mashine haichezi mpaka ielezwe kanuni zote, hata zile ambazo barazani hazisemwi kwa sababu kila mtu anazijua. Kutakasia ni mfano mzuri. Mchezaji anapotakasa na kumwacha mwenzake hana cha kula, huku yeye akiwa na shimo moja tu la kula zamu ijayo, shimo hilo la mwenzake hufungwa. Mwenzake haruhusiwi kulicheza ili kukwepa. Isipokuwa kama ni nyumba yake iliyo hai, au ndilo shimo pekee la safu ya mbele lenye kete, au pekee lenye zaidi ya kete moja.

Kwa fundi hilo ni jambo la kutupia jicho. Kwa mashine, ili kujua tu kama hatua ni halali, lazima kwanza ijaribu kila ulaji wa mchezaji mmoja, ikute hakuna, kisha ijaribu kila ulaji wa mwingine, ikute ni mmoja. Programu ya simu inayoiacha kanuni hii kwa kuwa inachosha kuiandika inacheza mchezo mwingine, hata ikijiita bao la Kiswahili, na kijana anayejifunzia humo ataaibika siku ya kwanza atakapokaa barazani.

> Zamu ya kuzunguka ubao mara nyingi huandikika kwa alama tatu: safu, shimo, upande.

Lililo jema ni kwamba kuhifadhi michezo ya mafundi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwa kuwa kanuni huamua karibu yote yanayofuata uchaguzi, zamu nzima, hata iwe ndefu vipi, huandikwa kwa herufi ya safu, namba ya shimo na upande wa kusambaza, pamoja na alama moja zaidi pale nyumba ilipolala au kusafiri. Mtu mwenye daftari, ameketi kando ya ubao pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, au katika baraza yoyote ya ng'ambo ya Darajani, anaweza kuandika mchezo mzima bila kumsumbua yeyote. Go ina hazina ya michezo iliyoandikwa kwa karne nyingi, na AlphaGo ya kwanza ilianza kwa kusoma michezo ya wanadamu iliyohifadhiwa. Bao, kwa wingi wake, limebaki mikononi na vichwani mwa waliolicheza, na fundi akifariki michezo yake huzikwa naye.

Kazi hiyo haihitaji Maastricht wala London. Inahitaji daftari, kanuni za Unguja zilizoandikwa na kukubaliwa na mafundi wenyewe pamoja na vyama vya bao, na mwanafunzi mmoja wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar mwenye subira ya kuandika programu inayojua kutakasia. Kipimo cha kwanza cha programu hiyo kisiwe ushindi. Kiwe hiki: ipewe michezo iliyoandikwa na mafundi, iicheze upya zamu kwa zamu, na pale inaposema hatua fulani si halali, waitwe mafundi waamue kama aliyekosea ni mwandishi wa daftari, mwandishi wa programu, au mwandishi wa kanuni.